Simba Ndogo za Mafunjoni

Katika kazi ya kulinda mpunga, vijana wangu, neno la kwanza kukusumbua ni hili: ndege. Kiswahili cha vitabuni kina huruma. Kikisema ndege wanakuja, unajua ni wenye manyoya. Kikisema ndege inakuja, unajua ni ya chuma na ina rubani ndani. Lakini sisi wa uwanda wa Kano tulijifunza Kiswahili tukiwa tayari tumeshiba Kijaluo, tena tulijifunzia sokoni, ambako hakuna mwenye subira na mambo hayo. Kwetu kila kitu kilikuwa kinakuja kwa namna moja.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilikuwa upande mmoja wa mfereji, na Mama Pilista, aliyekuwa akinifundisha, alikuwa upande wa pili. Akapaza sauti, "Ndege inakuja!" Nikachukua ufito wangu na madonge ya udongo, nikakimbia hadi katikati ya mpunga, nikasimama kifua mbele kama askari. Kilichotokea juu ya miti kilikuwa ndege ndogo ya manjano, ikinyunyizia dawa ya wadudu shamba la jirani. Ilipita chini sana hata nikaona miwani ya rubani. Nilipogeuka, Mama Pilista alikuwa amejifunika turubai, ameacha matundu ya macho tu.

"Wewe, omera, ndugu yangu," akaniambia baadaye, "ulitaka kuiangusha na matope?"

Kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuchoka kuirudia hiyo. Mgeni akifika, kabla hajaketi, anaambiwa kwamba huyu ndiye aliyetaka kuangusha ndege ya serikali.

Nawaandikia haya kwa sababu mmeanza kazi hii na vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Nimewaona mkirusha droni juu ya mashamba, imechorwa mwewe, inalia kama nyigu mwenye hasira. Sina ubaya nayo. Sisi tulikuwa na ufito: unafinyanga donge la udongo mweusi, unalibandika kwenye ncha, unarusha mkono, donge linaruka mbali kuliko jiwe na halimuumizi mtu likimpata. Tulikuwa na mikebe iliyofungwa kwenye kamba ndefu. Unavuta kamba ukiwa kivulini, mikebe inagombana kule mwisho wa shamba. Tulikuwa na utepe wa kaseti. Huo utepe mwembamba wa kahawia, ukiusokota mara chache na kuufunga kati ya miti miwili, upepo wa ziwa ukipita unaimba, na ndege hawaupendi wimbo wake. Mama Pilista alitumia kaseti za kwaya zilizokwisha kukatika. Alisema kama ndege hawataokoka, basi angalau watakimbia.

Lakini kifaa kikubwa ni kucha zako mbili. Shika punje ya mpunga uliotoka kuchanua, ibinye. Ikitoa maziwa meupe, jua umeingia katika siku ambazo hakuna ruhusa, hakuna matanga, hakuna harusi. Ndege mdogo hana haja ya kuivunja punje hiyo. Anaiminya mdomoni kama mtoto anavyominya pakiti ya juisi, anaacha ganda likining'inia shambani, zima kwa kulitazama, tupu ndani. Unaweza kupita kando ya mpunga kama huo ukausifu.

Na sasa nije kwa ndege mwenyewe, kwa maana ndiye niliyetaka kuwasimulia.

Wengi wenu mnamjua kwelea, na mna haki ya kumwogopa. Akija, haji yeye, linakuja wingu. Lakini kuna mwingine mliyezoea kumwona hata hammwoni tena. Ni mdogo, hazidi sana kidole cha kati cha mtu mzima anayelima. Kichwa cheusi chenye wekundu wa mbali kama chungu kilichotoka motoni, tumbo jeupe, mbavu zenye mistari, na begani, jua likimpiga vizuri, doa la shaba iliyoingia ukijani. Vitabu vya Kiswahili humwita tongo. Najua neno hilo linawakumbusha uchafu wa macho ya asubuhi. Si mimi niliyemchagulia. Ni mpenzi wa mbegu za nyasi. Atapanda bua jembamba mpaka liiname lifike chini, alikanyage kwa mguu asije akaliachia, ale kichwa chake chote. Nimemwona akila kumbikumbi baada ya mvua. Nimemwona, na hapa wengi hunicheka, akivuta mwani wa kijani unaoelea kwenye maji ya mfereji, ule utelezi kama nywele, akiula kama sisi tunavyokula sukuma.

Hatembei peke yake. Ni ukoo mzima unaoruka pamoja, wanaongea bila kunyamaza, sauti ndogo ya mkwaruzo kama mtu anayefungua na kufunga zipu. Watoto wao hawana kichwa cheusi wala shaba. Ni kahawia tupu, kahawia ya vumbi. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Jambo lake kubwa ni usingizi. Ndege wengi hujenga kiota cha kutagia, wakishalea wanakiacha. Tongo hujenga hata nyumba ya kulala tu. Jioni utawaona wamebeba nyasi ndefu kuliko wao wenyewe, haraka haraka, wanasuka tufe lenye mlango wa ubavuni, na juu ya mlango wanaacha masuke yatokeze kama kibaraza. Halafu wanaingia ukoo mzima, wanapangana bega kwa bega. Wakipata nafasi watajenga karibu na kiota cha nyigu, maana nyigu ni askari asiyelala na asiyeomba chai. Ndani ya nyumba hiyo hakupikwi, wala hazaliwi mtoto. Ni ya kulala.

Nyinyi mliokulia Kano mmeshajua tunaita nini nyumba ya namna hiyo. Kijana wa Kijaluo akibalehe, anajengewa kibanda chake karibu na lango la boma la baba yake, na rafiki zake wakichelewa wanalala humo humo, wamepangana. Kibanda hicho ni simba. Kwa Kijaluo yule mnyama ni sibuor, na simba ni nyumba ya kijana. Kwa hiyo Mama Pilista alipoviona viota vya tongo kwa mara ya kwanza alisema tu, "Hawa wamejenga simba," na tangu siku hiyo hatukuviita kitu kingine.

Mama Pilista alikaa mahali ambapo mpunga unaishia na mafunjo yanaanza. Boma lake lilikuwa na mgongo kwenye mafunjo hayo. Kutoka humo alikata mabua ya kusukia mikeka, na kwenye ukingo, chini ya vichaka vya miiba, kulikuwa na kisima ambacho yeye na majirani zake walikunywea maji tangu alipoletwa hapo akiwa bibi arusi. Mbele ya boma lilikuwa shamba lake la mpunga. Mtu aliyesimama mlangoni kwake aliona maisha yake yote, nusu mbele, nusu nyuma.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Mpunga ulikuwa katika maziwa. Habari zilikuja kutoka upande wa Muhoroni kwamba kwelea wameonekana, na kwamba wanashuka na bonde. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa Machakos, mpole, makini, aliyekaa kwetu miaka mingi na Kijaluo chake kilikuwa salamu na majina ya samaki. Jioni moja alisimama kwenye tuta, jua likiwa machoni, akaona kundi zito la ndege wadogo wa kahawia likitumbukia kwenye mafunjo ya Mama Pilista. Nilikuwa kando yake. Nami niliona kahawia. Nasi sote tulikuwa tumesubiri kwelea kiasi kwamba hata majani makavu yangepeperuka tungeyaita kwelea.

Mjue uamuzi wenyewe ulivyokuwa. Wakiwa kwelea na tukawaacha, mpunga wa Mama Pilista na wa majirani wote umekwisha. Tukinyunyizia mafunjo sumu ya kuua ndege, kisima kimekwisha, na mikeka, na kambare, na ng'ombe watahamishiwa maji ya mbali. Bwana Mutiso alikwenda mwenyewe kumweleza. Mama Pilista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza dawa inakaa kwa maji siku ngapi. Bwana Mutiso akamwambia ukweli, kwamba hajui. Mama akatazama mbele, akatazama nyuma, akasema wafanye wanalojua. Usiku ule, nilisikia baadaye, alijaza maji kwenye kila chombo alichokuwa nacho, hata karai la kuogea.

Kesho yake ndege ilikuwa itoke Kisumu jioni, kundi likishaingia kulala. Ndege hiyo haiwezi kulenga bila mtu wa chini. Lazima asimame mtu ukingoni mwa mafunjo na bendera nyeupe, rubani amwone, ajue mstari unaanzia wapi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipewa ovaroli, barakoa na bendera, nikaenda kusimama kwenye tuta mapema nizoee mahali pangu.

Simu ya siku ile, niliyosimuliwa baadaye na Mama Pilista na Bwana Mutiso, ilikuwa hivi. Alasiri Mama Pilista alikwenda kuteka maji ya mwisho kisimani, akainua macho kwenye vichaka. Vilijaa viota. Akashangaa. Hakuwa na uhakika wa kitu chochote, alitaka tu kuuliza kama hao wenye nyumba ndio wanaotafutwa. Akampigia Bwana Mutiso, kwa Kiswahili chake, betri ikiwa imebaki kidogo.

"Bwana Mutiso, hapa kwa mafunjo kuna simba."

"Simba?"

"Mingi. Mimi sikujua iko mingi hivi. Iko karibu na kisima."

Bwana Mutiso akasimama kutoka kitini. Akamuuliza kama ana hakika. Akajibiwa kwamba anaiona kwa macho yake, na nyingine bado mpya. Akamuuliza kama imemdhuru mtu.

"Simba itadhuru mtu aje? Si ni watoto wanalala ndani."

"Ndani ya nini, Mama?"

"Ya simba. Wamejaa, wengine kichwa iko nje."

Hapo betri ikazimika.

Muwazie mtu wa Machakos. Ana rubani anayengoja Kisumu, ana mzee wa bendera amesimama peke yake kando ya mafunjo, na amesikia kwamba humo mna simba wengi wenye watoto tumboni, vichwa vikiwa nje. Alifanya ambalo mtu mwenye akili angefanya. Alimpigia rubani, akamwambia ndege isiruke, hakuna mtu atakayeshika bendera. Aliwapigia askari wa wanyamapori. Kisha akamtuma mwenye bodaboda aje kuniondoa.

Nilimwona akija juu ya tuta, pikipiki ikiyumba, mkono mmoja hewani. "Mzee! Toka huko! Kuna simba kwa mafunjo!"

Mtanicheka, lakini neno likikujia kwa Kiswahili, tena mbio, halikupi muda wa kulitafsiri. Sikufikiria kibanda cha kijana yeyote. Nilifikiria meno. Nilitupa bendera, nikapanda pikipiki ile na barakoa usoni, na kila shamba tulilopita watu waliona mtu wa sumu akikimbia, nao wakaacha mikebe yao wakakimbia. Mpaka jua linagusa ziwa, hapakuwa na mlinzi hata mmoja katika mpunga wote ule.

Na Mama Pilista? Jirani alimpitia akipiga kelele kwa Kijaluo kwamba kuna sibuor mafunjoni. Akamwambia asante, akaingiza mbuzi, akaingiza kuku, akaingia mwenyewe, akaweka meza nyuma ya mlango. Neno lake mwenyewe lilikuwa limezunguka kijiji kizima na kurudi kwake likiwa na manyoya ya shingoni.

Asubuhi nilipomtazama Bwana Mutiso niliona kwamba hakulala. Simba ilikuwa hofu ndogo. Kubwa ilikuwa mpunga: jioni nzima na alfajiri nzima bila mlinzi, na kundi mafunjoni. Askari watatu walifika kutoka Kisumu na bunduki. Mkubwa wao alikuwa Mjaluo, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Tukawafuata, tukiwaacha watangulie vizuri, hadi bomani. Mama Pilista akaondoa meza, akatoka, mbuzi wakamfuata.

Askari akamuuliza ni nani aliyewaona wale simba.

"Mimi nimeambiwa tu," akasema Mama. "Nimelala na mbuzi kwa sababu yao."

Bwana Mutiso akasema kwa heshima kwamba ni yeye Mama aliyempigia.

"Mimi? Mimi nilikupigia ya ndege."

"Mama, uliniambia simba. Wako karibu na kisima. Wengine kichwa nje."

Mama Pilista akamtazama. Kisha akafunika mdomo kwa leso yake, na mabega yakaanza kutikisika. Yule askari mnene alimfuata kuelewa kwa hatua moja tu. Akateremsha bunduki, akamuuliza polepole, kwa lugha yao, kama ni simba au ni sibuor. Mama alinyoosha kidole tu kuelekea vichaka.

Tulikwenda wote. Miiba ilikuwa imejaa matufe ya nyasi, mengine yamekauka, mengine mabichi bado, na nyigu wakizunguka kati yake. Tongo walikuwa wameshatoka kutafuta chakula isipokuwa wachache, watoto wa kahawia, waliokaa kibarazani wakitazama bunduki bila wasiwasi.

"Tulikuja kutafuta sibuor," askari akasema, "tumepata vijana wamelala."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Bwana Mutiso peke yake hakucheka. Alitazama viota, akatazama wale watoto wa kahawia, akageukia mafunjo ambayo mabua yake yalisimama wima, halikuvunjika hata moja. Mimi niliyemjua niliona uso wake ukifunguka kidogo kidogo.

"Kwelea hajengi nyumba ya kulala," akasema. "Analala juu ya bua, wengi mpaka bua linavunjika. Mzee, hii kahawia yote tuliyoona ni watoto wa hawa."

Nikatazama, nikaona. Tulikuwa tumejua hayo yote, mimi na yeye na hata Mama Pilista, kila mmoja kipande chake, na hakuna aliyekuwa amevikalisha vipande pamoja. Hofu haikuwa imetupa nafasi.

Bado mpunga. Bwana Mutiso hakuaga mtu, alikwenda tu, karibu anakimbia, mimi nyuma yake, Mama Pilista nyuma yangu amekunja gauni mkononi. Aliingia shambani na viatu vyake vya ofisi. Akashika suke la kwanza, akabinya. Maziwa. Akaenda katikati, akabinya. Maziwa. Mimi nikachukua upande wa mfereji, Mama upande wa njia, tukawa watu watatu tunaobinya punje na kuzitazama kucha zetu. Kwenye kingo walikuwa wamekula, sitawadanganya. Tongo naye ana tumbo. Lakini sehemu kubwa walikuwa wamekula mbegu za magugu yaliyoota kwenye tuta, yale ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumechelewa kuyapalilia.

"Iko?" Mama Pilista akauliza kutoka mbali.

"Iko, Mama," Bwana Mutiso akajibu. "Yote iko."

Akaketi pale pale kwenye tuta, suruali kwenye matope. Askari waliegemeza bunduki kwenye mti, wakaanza kuomba chai. Kwelea wa Muhoroni hawakufika kwetu mwaka ule. Tulisikia wamegeukia kwingine, na mavuno yakaingia ghalani.

Siku hizi nakaa Nyamasaria, malori ya miwa yanapita mlangoni. Kwenye taa ya ukutani kwangu tongo wamejenga. Wapangaji wanataka niwaondoe. Nawaambia hiyo ni simba, waiheshimu. Nanyi mkiwa kazini, kabla hamjarusha droni yenu wala kumwita rubani, nendeni mkawatazame ndege wakati wa kulala. Mchana wote wanafanana. Mkipigiwa simu na mama wa mafunjoni, muulizeni neno lake mara ya pili, na mumchajie simu yake.

Lakini katika hadithi yangu nilikuwa bado pale kwenye tuta, asubuhi ile. Mama Pilista aliondoka, tukadhani amekwenda kuweka chai. Alirudi na kikombe cha bati chenye maji. Hakuwa ameyachota kwenye karai wala kwenye yale aliyohifadhi usiku ule mwingine. Alikuwa amekwenda mpaka kisimani, chini ya vichaka, na mkono wake ulikuwa bado unadondosha maji. Akampa Bwana Mutiso kwa mikono miwili.

Bwana Mutiso alikitazama kikombe muda mrefu kuliko mtu anavyotazama maji. Akanywa yote. Kisha akakirudisha, akamwomba, kama hatachoka, amletee kingine.